Kilichozimika Korogwe

Simu ya Shamsia haikuwa inashika mtandao vizuri ndani ya nyumba, kwa hiyo ilipoita aliacha mboga jikoni akakimbilia nayo kwenye kichuguu nyuma ya choo, mahali ambapo nyumba nzima ya Mzee Mhina hupigia simu. Ilikuwa alasiri. Mawingu yaliyotanda upande wa milima tangu asubuhi yalikuwa bado hayajaamua kama yatanyesha huku Kwedizinga au yataishia hukohuko. Mhina alimfuata binti yake nyuma kwa fimbo. Zamda, mkewe, akamfuata Mhina. Siku hizo kila simu iliyotoka Korogwe ilisikilizwa na wote.

"Weka sauti kubwa," Mhina alisema.

"Haloo? Wifi?"

Sauti ya Munira ilikuja vipandevipande. Munira ni mke wa Awadhi, kaka yake Shamsia, na alikuwa hospitalini Korogwe na mtoto wa kiume aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Zamda alikwenda kumwona mara moja, akarudi akisema amewahi kufuga vifaranga wenye mwili kuliko yule. Mtoto alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni.

"...mezimika," simu ilisema. "Unanisikia, wifi? ...mezimika huku tangu mchana. Mwambie Awadhi aje... kitambaa cheupe, cha pamba... msi... chaji inak..."

Kisha kimya. Shamsia akapiga. Haipatikani. Akapiga tena, akashusha mkono.

"Amesemaje?" Mhina aliuliza, ingawa alisikia kama wengine walivyosikia.

"Amesema..." Shamsia alimtazama mama yake. "Amesema amezimika."

Kwa kweli hakuna hata mmoja wao aliyeisikia herufi ya mwanzo. Mtandao uliimeza. Ikiwa Munira alisema "umezimika", alikuwa anaeleza habari za umeme. Ikiwa alisema "amezimika", alikuwa anaeleza habari za mtu. Lakini wote watatu walikuwa wamelala na kuamka na hofu moja tangu mtoto azaliwe, na hofu hiyo ndiyo iliyojaza pengo. Kitambaa cheupe kikamaliza mashaka yaliyobaki.

"Inna lillahi," alisema Mhina, akaketi palepale juu ya kichuguu.

Mtoto angekuwa na jina, labda Munira angelitaja, na jina halipotei kirahisi kama herufi moja. Lakini hakuwa nalo. Siku ya saba ilipofika Munira alimpigia baba mkwe wake kumkumbusha. Mhina alijibu, "Akitoka hospitali, mwanangu. Tusiharakishe." Jina alikuwa nalo moyoni. Ni Mbwana, jina la marehemu baba yake, na hakutaka kulipeleka kaburini kabla halijatembea duniani. Hakumwambia mtu sababu. Munira aliijua hata hivyo. Kila manesi walipoandika kwenye kibandiko cha kitanda "Mtoto wa Munira", aliijua upya.

*

Awadhi aliitwa kutoka shambani. Alikuja na jembe mkononi na hakulia. Alisimama mlangoni akauliza kama kuna maji ya kunawa, kisha akasahau kunawa.

Stefania alikuwa wa kwanza kufika. Babu yake Stefania aliletwa na mkonge, akafia kwenye mkonge, na wajukuu wake wakabaki kuwa majirani wa watu wa Kwedizinga. Yeye ni wa kanisani, nyumba ya Mhina ni ya msikitini, lakini mikeka ya msiba haijawahi kuuliza. Alikuja na mikeka miwili kichwani na birika kubwa la jumuiya.

"Pole, mama Awadhi."

"Sijapoa, Stefania. Hata kumpakata sikumpakata. Walisema mikono ina vijidudu."

"Mungu anampakata."

"Na mimi je?" Zamda aliuliza, na Stefania akaenda kukoka moto.

Awadhi akapanda pikipiki ya Abdulaziz, kijana wa bodaboda anayewachukua wagonjwa na wafiwa bila kupatana bei kwanza. Walisimama dukani kununua bafta ya sanda, kafuri na pamba. Mwenye duka alivuta jora la kitambaa, akashika mkasi.

"Ya mkubwa au ya mdogo?"

"Mdogo."

"Mdogo kiasi gani?"

Awadhi alinyoosha mikono yake, akaipunguza, akaiongeza. Alijaribu kukumbuka. Siku zote alimwona mtoto kwa kioo, amelala katikati ya mipira na plasta, na alikuwa akitazama kifua tu kama kinapanda. Urefu hakuwahi kuutazama.

"Sijui," alisema.

Watu wawili waliokuja kununua sukari waligeuza nyuso. Mwenye duka akakata ya mtu mzima, akaikunja na kuitia kwenye mfuko mweusi.

*

Hospitalini, Munira alikuwa ameridhika kwamba ujumbe umefika.

Nguzo za umeme zilikuwa zimeangushwa na upepo tangu mchana. Maduka yaliyo mbele ya lango yalizima mafriji, mashine za kusaga zikanyamaza, na dirishani mji ulionekana kama umepunguziwa sauti. Lakini wodi ya watoto wachanga iliendelea kama kawaida. Juu ya paa, na katika uwanja ulio nyuma ya jengo la kufulia, hospitali hiyo ina mapaneli ya sola, na kuna chumba cha betri kinachofungwa kwa kufuli. Laini ya mji ikikatika, sola inashika wodi ya wachanga, chumba cha upasuaji, friji ya damu na mochwari. Kwingine giza. Taa za wodini zilipepesa mara moja tu, kama mtu aliyepigwa na vumbi machoni. Mashine ya oksijeni haikukata pumzi. Munira alipiga magoti pembeni ya kitanda akamshukuru Mola wake, kisha akawaza: huko nyumbani wakisikia Korogwe nzima haina umeme watakufa kwa wasiwasi. Ndipo akapiga simu kuwatoa wasiwasi.

Alisema hivi: "Umeme umezimika. Unanisikia, wifi? Umezimika huku tangu mchana. Mwambie Awadhi aje kesho na kitambaa cheupe, cha pamba, kanga za rangi zinamtoa mtoto vipele. Msiwe na hofu, mashine inafanya kazi. Chaji inakwisha." Mtandao ulimeza "hofu" na "mashine", na simu ikazima katikati ya "inakwisha".

"Sista," alimwambia nesi wa zamu, Edna, "naomba nichomeke simu hapo dakika moja tu."

"Hapo wapi, mama?"

"Kwenye hiyo soketi yenye alama nyekundu. Ndiyo pekee yenye moto."

"Ndiyo maana ina alama nyekundu. Hizo ni za watoto."

"Simu inakula umeme kiasi gani, sista?"

"Simu haili kitu. Lakini nikikuruhusu wewe, huyu naye atachomeka, na yule ataleta hita ya maji ya kuoga. Mwezi uliopita iliingizwa hita hapa kwa kujificha ndani ya kanga. Sola yote ikajikata. Tulisukuma hewa kwa mkono, mama, watoto wote hawa, mpaka fundi akaja. Unataka turudi huko?"

Munira alitazama soketi. Aliutazama waya unaotoka pale kwenda kwenye mashine, na mpira unaotoka kwenye mashine kwenda puani mwa mwanawe. Aliirudisha chaja kwenye mkoba.

"Hapana," alisema.

Aliona hakuna haraka. Nyumbani walishajua.

*

Abdulaziz alimshusha Awadhi langoni jua likiwa linaelekea milimani. Njiani hawakuwa wameongea, ila kwenye daraja la Mto Pangani Abdulaziz aligeuza kichwa akasema, "Kaka, tukirudi naye, mimi nitaendesha polepole," na Awadhi akaitika, "Sawa," kana kwamba wanazungumzia mzigo wa mayai.

Hakwenda wodini. Alikwenda moja kwa moja mochwari, maana aliona ndiko mtoto aliko, na hakutaka kumkuta Munira kabla hajamwona mtoto. Mlinzi wa mochwari alikuwa ameketi nje akila karanga.

"Nimekuja kumchukua mtoto."

"Jina la marehemu?"

"Hana jina."

"Kila marehemu ana jina, ndugu yangu. Hata kama ni la mama."

"Mtoto wa Munira. Kutoka Kwedizinga."

Mlinzi aliingia ndani, akakaa, akarudi. "Hayupo."

"Amekufa mchana."

"Leo hakuna mchanga aliyeletwa. Una kibali kutoka wodini?"

"Kibali cha nini?"

"Cha kuchukua mwili. Huwezi kuja na mfuko tu ukasema nipe mtoto. Nenda wodini, wakuandikie, halafu urudi. Usiwe na haraka, friji inafanya kazi. Iko kwenye sola."

Awadhi alisimama. Alihisi ameambiwa jambo la kumfariji, lakini hakuelewa ni lipi. Kama mtoto hayupo mochwari, na amezimika tangu mchana, basi yuko wapi? Wamemwacha kitandani? Munira amempakata? Alipita kwenye korido yenye giza, akijigonga kwenye mabenchi na magoti ya watu, akiomba radhi kila hatua, mpaka mwisho wa korido alipoona mlango unaotoka mwanga. Mwanga huo ulimtia hasira. Alijiuliza ni nani anayewasha taa zote hizo mahali alipofia mwanawe.

Munira aligeuka.

"Umekuja leo? Nilisema kesho." Kisha akaona uso wa mumewe. "Una nini? Umeanguka na pikipiki?"

Awadhi alimpita akasogea kitandani. Alikuwa anatazama kifua. Kilipanda. Kikashuka. Kikapanda.

"Kinapanda," alisema.

"Nini?"

"Kifua."

"Sasa ulitaka kifanye nini?" Munira alicheka, akaupokea mfuko mweusi. "Umeleta kitambaa? Ahsante Mungu. Hiki kirefu hivi cha nini, Awadhi, unamvisha kanzu?" Akazamisha mkono zaidi, akatoa kipande cha pamba, na pakiti ndogo. Aliinusa kabla ya kuisoma.

Kafuri.

Wodini mashine zilinguruma zote kwa sauti moja. Munira aliirudisha pakiti mfukoni taratibu, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota.

"Mlikuja kumzika," alisema.

"Simu ilisema amezimika."

"Nilisema *umezimika*. Umeme! Umeme, Awadhi!"

"Hatukusikia umeme. Tulisikia '-mezimika'."

"Mkaona ni mwanangu."

Awadhi alitaka kusema kwamba walichanganyikiwa, kwamba hata sasa amechanganyikiwa, kwamba huzuni aliyoibeba njia nzima haijui ishukie wapi. Nesi Edna alikuja kutazama kisa cha kelele. Alikishika kitambaa kwa vidole viwili.

"Bafta nzuri," alisema. Kisha akanusa, akawatazama wote wawili, akaelewa. "Ifuliwe kwanza. Ifuliwe vizuri, ipigwe na jua."

*

Kwedizinga kaburi lilikuwa tayari. Lilichimbwa nyuma ya mihogo, karibu na la Mbwana mkubwa, dogo hata wachimbaji walipokezana jembe bila kutokwa jasho. Watu walikuwa wamekaa mikekani wakisubiri pikipiki, huku ustadhi wa madrasa akitazama saa na kulitazama jua.

Simu ya Shamsia ikaita. Msiba mzima uliinuka kuelekea kwenye kichuguu.

"Baba," ilisema sauti ya Awadhi, "mtoto yuko hai."

Mhina alishika simu kwa mikono miwili. "Awadhi. Uko na nani hapo?"

"Niko na Munira. Niko wodini. Anapumua. Kilichozimika ni umeme."

"Umeme umezimika," Mhina alirudia.

"Ndiyo."

"Na mashine ni ya umeme."

"Ndiyo, baba."

"Sasa anapumua kwa nini?"

"Kwa jua. Kuna sola."

Mhina alitazama magharibi. Wote waliotazama anakotazama waliona kile alichokiona: jua lilikuwa limeshazama, nyuma yake kumebaki wekundu kidogo kama kaa la mwisho. Aliiziba simu kwa kiganja.

"Msiba umempanda kichwani," aliwaambia watu kwa sauti ya chini. "Anasema mtoto anapumua kwa jua."

"Maskini," alisema mtu.

"Limewekwa kwenye betri!" Awadhi alipiga kelele upande wa pili. "La mchana! Linawekwa!"

"Ni kama simu, mzee," Stefania alijaribu. "Si unachaji mchana, unaongea nayo jioni?"

"Simu haina mapafu, Stefania."

"Korogwe nzima ni giza," alisema mmoja wa wachimbaji. "Shemeji yangu kanipigia sasa hivi. Hata mnara wa msikiti hauonekani."

"Basi tumsikie mtoto," alisema Zamda. "Awadhi! Mweke mjukuu wangu kwenye simu alie."

"Hana nguvu ya kulia, mama. Ana mpira puani."

Watu walitazamana. Kila jibu la Awadhi lilikuwa kweli, na kila jibu lilimfanya aonekane amerukwa na akili zaidi. Mhina aliiinua simu juu ili wote wasikie. Ulisikika mngurumo mzito usio na mwanzo wala mwisho. Huenda ilikuwa mashine. Huenda ilikuwa mtandao. Kwenye kichuguu hakuna aliyesogeza mguu. Zamda alikuwa amefumba macho akiomba kimoyomoyo, na Stefania naye akiomba kwake, na maombi yote mawili yalikuwa yanaomba kitu kimoja.

Ndani ya mngurumo ule kikatoka kitu kidogo, chembamba, cha ghafla. Chafya.

"Yarhamukallah," alijibu ustadhi, na wazee wawili wakajibu pamoja naye, kama mtu anavyomjibu aliyepiga chafya tangu utoto wake bila kufikiri.

Watu wakamgeukia.

"Ustadhi," Zamda alisema, akifumbua macho. "Umemjibu nani?"

Ustadhi aliitazama simu. Kisha kicheko kikaanza upande wa wachimbaji, kikasambaa, kikageuka kilio, na hakuna aliyejua tena nani anacheka na nani analia. Mhina peke yake hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa bado ameinua simu juu.

"Baba, shikamoo." Sauti ilikuwa ya Munira sasa.

"Marahaba, mwanangu."

"Watu wote hao ninaowasikia, mmewaita kumzika mwanangu?"

Vicheko vikakatika.

"Tulichanganyikiwa," alisema Mhina.

"Mmemchimbia?"

Mhina alitazama upande wa mihogo. Hakuweza kusema ndiyo na hakuwa na desturi ya kusema uongo.

"Mpe jina, baba," alisema Munira. Hakupaza sauti. "Sasa hivi, mbele ya hao watu. Mtu asiye na jina ni rahisi kumzika."

Haikuwa kawaida mkwe kumsemesha Mhina namna hiyo, na wala haikuwa kawaida Mhina kusemeshwa mbele ya nusu ya kijiji. Aliwaza jina la baba yake, alivyolificha siku zote hizi kama nguo ya sikukuu, ili lisichafuke. Aliona aibu. Alisogeza simu karibu na mdomo, karibu sana, ili safari hii mtandao usimeze kitu.

"Mbwana," alisema. "Mbwana. Mbwana."

"Tumesikia," alisema Munira.

*

Lilibaki shimo. Ustadhi alisema shimo ni shimo, lifukiwe. Wazee wengine walisema kaburi lililo wazi halirudishwi mikono mitupu, litaita mtu. Mhina aliulizwa yeye aliye mwenye nyumba.

"Sijui," alisema. Halafu akarudia, kana kwamba neno hilo lilimpumzisha. "Sijui."

Mwishowe Stefania alileta chipukizi la mgomba kutoka nyuma ya bafu lake, wakalilaza humo kwanza, kisha mtu akasema haliwezi kuota likiwa limelala, wakalisimamisha. Hawakujua waombe dua gani. Wakaomba ya shukrani.

Munira alirudi Mbwana aliposhiba mwili wa kubebeka. Alishuka kwenye bajaji, mtoto amefungwa kifuani kwa kipande cha bafta kilichofuliwa mara nyingi hadi kikawa laini, akasalimia kila mtu kwa zamu. Zamda alimpakata mjukuu wake na hakutaka kumrudisha. Munira akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, na Mhina akamfuata kwa mbali.

"Baba, hili shimo ni la nini?"

"La mgomba, mwanangu."

Munira aliinama akatazama. Udongo ulikuwa umeshuka kwa mvua, na upande mmoja wa shimo, upande wa kibla, ulionekana mdomo wa kile kijumba cha kaburini ambacho huchimbwa kwa ajili ya kitu kimoja tu.

"Mgomba gani unachimbiwa mwanandani, baba?"

Mhina aliegemea fimbo. Mgomba ulikuwa na majani mawili, moja limechanika.

"Ule tuliokuwa nao wa kuweka badala ya Mbwana," alisema.

Munira aliinuka. Kisha alichota udongo kwa mguu akauziba ule mdomo, akaushindilia kwa kisigino mpaka ukawa sawa na kwingine, akarudi ndani.

Magharibi ya siku hiyo, wakati chai inamiminwa, taa ya sebuleni ilipepesa ikafa, na kijiji kizima kikafa nayo. Watoto wa majirani wakapiga yowe njiani, kama kawaida yao: "Umezimikaaa!"

Kikombe kilimdondoka Munira.

"Nini kimezimika?" aliita kutoka gizani, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Semeni kwa jina!"

"Umeme!" Shamsia alijibu haraka kutoka jikoni. "Umeme, wifi. Ni umeme."

"Na Mbwana?"

Hakuna aliyethubutu kusema amelala, maana hata neno hilo waliliogopa usiku ule. Mhina alipapasa mpaka kwenye mapaja ya mkewe, akaweka kiganja juu ya kifua kidogo, akangoja.

"Mbwana yupo," alisema. "Mbwana anapumua."

Na akauacha mkono pale, hata umeme uliporudi.